Tofali la kuchoma, bloku au la kufungamana? Hesabu ambayo mhandisi anapaswa kukuonyesha kabla hujajenga Tabora

Tangu mavuno yaishe nimeulizwa swali moja na watu watatu. Wa kwanza ni mwalimu anayejenga Ipuli, hapa mjini. Wa pili ni mkulima wa tumbaku wa Sikonge ambaye mauzo yake yalikuwa mazuri mwaka huu. Wa tatu ni kijana wa Igunga anayetaka kuwajengea wazazi wake kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wote wanataka kujua wajenge kwa tofali gani, na wote walianza na bei.

Bei sitaiandika. Inapanda na kushuka, na ukizunguka mjini asubuhi moja utaipata. Ninachotaka kuweka hapa ni hesabu ambayo muuzaji hana sababu ya kukupa: kila mita moja ya mraba ya ukuta wako imekula nini, na imekula kwa nani. Mhandisi anadaiwa kukuonyesha hesabu hiyo hata kama hukumuuliza.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuiacha. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia ujenzi wa madarasa mawili katika kijiji kimoja cha Uyui. Kwenye makadirio niliandika maneno manne tu: "matofali ya kuchoma, wananchi." Ndivyo ilivyokuwa ikiandikwa siku zote. Wananchi walijitoa kwa moyo. Walifyatua, wakapanga matanuru mawili, wakaenda kukata kuni. Sikuuliza watakata wapi. Walikata palipokuwa karibu, na karibu palikuwa kandokando ya kijito kinacholisha kisima cha kijiji, kwenye miti ambayo wazee walitundika mizinga yao. Madarasa yalisimama vizuri na watoto wanasoma humo mpaka leo. Siku ya makabidhiano mzee mmoja mrina asali aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono asiuachie, akasema: "Mwanangu, kazi yako ni nzuri. Ila kwenye makaratasi yako sisi wa mizinga hatukuandikwa."

Hakugomba wala hakuongeza neno. Mkata kuni alikata kwa shoka lake. Mimi nilikuwa nimekata miti yote ile kwa mstari mmoja wa makadirio.

Mteja anayelipa yuko nafasi ya ngapi?

Sheria zetu hazijanyamaza. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkaazi haki ya mazingira safi na salama, na papo hapo inamtwika wajibu wa kuyatunza. Mhandisi ana mzigo wa ziada, maana amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya Sheria Na. 15 ya 1997, na saini yake ndiyo inayoruhusu kazi iendelee.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni mpangilio mmoja kutoka mbali. Chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani, ASCE, kiliandika upya kanuni zake za maadili mwaka 2020. Wale ambao mhandisi anawajibika kwao waliwekwa kwenye makundi matano kwa mfuatano: jamii kwanza, mazingira ya asili na yaliyojengwa pili, taaluma tatu, wateja na waajiri nne, na wahandisi wenzake tano. Pakitokea mvutano, wa juu ndiye anayetangulia. Yaani anayenilipa yuko nafasi ya nne, na msitu uko nafasi ya pili. Niliposoma hilo nilimkumbuka mzee wa mizinga, kwa sababu yeye alikuwa kwenye kundi la kwanza na miti yake kwenye la pili, na mimi nilikuwa nimemwandika mteja peke yake.

Mkoa huu unajua vizuri matokeo ya mitambo kutangulia maswali. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Miti iling'olewa kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, kabla udongo na mvua havijapimwa inavyostahili. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Ardhi iliyofyekwa Urambo ikaja kuwa ya tumbaku, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kwa kuni. Kwa hiyo unapowasha tanuru la matofali Tabora, unachota kwenye chungu ambacho wengine wamekwisha kutia mikono.

Tofali la kuchoma

Nianze na sifa zake, maana anazo. Halihitaji saruji kulitengeneza. Fedha yake inabaki kijijini: vijana wanaofyatua, wanaobeba, wanaopanga tanuru. Likiiva sawasawa halijali mvua, na ukuta wake unaweza kuachwa bila plasta miaka mingi. Mtu anayelidharau tofali la kuchoma kwa sababu ni la kienyeji hajalielewa.

Sasa hesabu. Chukua tofali la kawaida la kwetu, sentimita 24 kwa 14 kwa 9, uzito kama kilo 5. Mita moja ya mraba ya ukuta inataka kama matofali 35, sawa na kilo 175 za udongo ulioiva. Tanuru la kupanga hula, kwa makadirio, megajuli (kipimo cha nishati) 2 hadi 4 kwa kila kilo ya tofali, na likipangwa vibaya hula zaidi. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kama megajuli 16. Ukigawanya unapata kilo 22 hadi 44 za kuni kwa kila mita ya mraba. Huo ni mzigo mzima anaoubeba mama kichwani kutoka porini, pengine na nusu ya mzigo wa pili. Simama mbele ya ukuta wa nyumba yoyote ya tofali la kuchoma, upime kwa hatua zako, kisha uwahesabu akina mama hao wakiwa wamejipanga.

Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita za mraba 150 za ukuta hula tani 3 hadi 6 na nusu. Miombo yetu mikavu hukua polepole. Ekari moja mara nyingi haiongezi hata tani moja ya mti kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba moja inakula ukuaji wa mwaka mzima wa ekari kadhaa, na hiyo ni kama ekari hizo hazidaiwi na bani, mkaa wala jiko la mtu mwingine.

Kuna jambo moja la haki kulisema hapa. Mitundu na miti mingi ya miombo huchipua kwenye visiki ikiachwa na moto ukizuiwa. Kuni zilizotoka kwenye shamba linalosafishwa kwa ajili ya kulima, au kwenye msitu wa kijiji wenye utaratibu na kibali, hazifanani na kuni zilizokatwa ukingoni mwa kijito. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuza tofali liwe: kuni zimetoka wapi, na kibali kiko wapi? Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 uvunaji una vibali vyake na usafirishaji una hati yake. Akikosa jibu, umelipata jibu.

Na kuni si lazima ziwe kuni. Igunga na Nzega ni nchi ya mpunga. Pumba za mpunga hurundikwa nyuma ya mashine za kukoboa na mara nyingi huishia kuchomwa bure. Pumba huwaka polepole na huivisha tofali kama tanuru limepangwa na mtu anayezijua. Unga wa mbao wa karakana za useremala unaweza kusaidia pia. Tanuru lenyewe nalo lina adabu yake. Matofali yakauke kabisa kabla ya kupangwa, maana maji yaliyobaki ndani hula kuni kwanza. Tanuru moja kubwa ni bora kuliko madogo matatu, kwa kuwa upande unaopoteza joto hupungua. Kuta za nje zikandikwe udongo, na kuni ziwe kavu. Haya hayagharimu chochote zaidi ya subira.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakihesabu: tofali la kuchoma halina kingo zilizonyooka, hivyo fundi huweka ungio nene. Ungio la sentimita 2 kwa mchanganyiko wa saruji hula kama kilo 8 za saruji kwa mita ya mraba. Tofali halina saruji, lakini ukuta unayo.

Bloku

Hili ni fupi. Bloku, yaani tofali la saruji na mchanga, la inchi 6 linaingia 9 au 10 kwa mita ya mraba. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa bloku 30, hapo kuna kilo 16 hivi za saruji, ongeza kama kilo 4 za kujengea na 7 au 8 za plasta pande mbili. Jumla inafika kilo 28. Kuni hakuna.

Saruji haikuokotwa, hata hivyo. Kila tani yake huacha angani kati ya kilo 600 na 900 za hewa ukaa, zaidi ya nusu zikitoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapopasuliwa kwa joto, na hapa Tabora inatufikia baada ya safari ndefu ya reli au lori. Mchanga nao hutoka kwenye makorongo, na korongo linalochimbwa bila mpango hula shamba la mtu mwaka unaofuata. Kwa msingi, kwa choo, kwa mahali panapotuama maji, bloku lililotengenezwa vizuri halina mpinzani. Kuzungushia nyumba nzima ni matumizi ambayo siku hizi siyatetei tena.

Jihadhari tu na bloku za bei ya chini sana pembeni mwa barabara. Mfuko uliotoa bloku 45 umekuuzia mchanga. Tofali linalomeguka baada ya miaka sita ni uharibifu wa mazingira mara mbili, kwa sababu utalitengeneza tena.

La kufungamana

Tofali la udongo na saruji la kufungamana limekuwa likihimizwa kwa miaka mingi na NHBRA, wakala wetu wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi. Unachanganya udongo unaofaa na saruji kidogo, unakandamiza kwa mashine ya mkono, unalimwagilia likomae. Halichomwi. Lina meno yanayoshikana, hivyo ukishanyoosha mstari wa kwanza, mengine yanapangwa karibu bila saruji ya kujengea.

Hesabu yake inataka uaminifu, na hapa ndipo nimewasikia baadhi yetu wakiuza maneno. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 linaingia 33 kwa mita ya mraba. Mfuko mmoja ukitoa matofali 80, ukuta huo umekula kama kilo 20 za saruji. Angalia tena bloku: kilo 16 za bloku zenyewe. Ndiyo, ukilinganisha tofali kwa tofali, la kufungamana linaweza kula saruji nyingi kuliko bloku. Nafuu inapatikana kwenye kile usichofanya baadaye, yaani kutojengea kwa saruji na kutopiga plasta nje. Ukilifunika kwa plasta pande zote mbili, umerudi kwenye kilo 28 zilezile na umepoteza sababu ya kulichagua. Mwenye nyumba anayesema ukuta bila plasta unaonekana haujaisha, basi aujue ukweli huu kabla hajakodi mashine.

Ukichanganya yote kwa hewa ukaa, ukuta wa kufungamana usio na plasta unaacha karibu kilo 15 kwa mita ya mraba, wa bloku lenye plasta kama 20. Ukuta wa kuchoma kwa kuni mara nyingi unaacha zaidi ya 50 kama mti haukuachwa uchipue. Kama uliachwa, sehemu kubwa inarudi taratibu kwenye mti mpya, kwa miaka, si kwa msimu.

Udongo ndio unaoamua kila kitu. Chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza theluthi moja udongo uliochukuliwa chini ya tabaka lenye mizizi, ongeza maji na chembe za chumvi, tikisa sana, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, udongo laini kama vumbi (silti) juu yake, mfinyanzi juu kabisa. Unatafuta udongo ambao sehemu kubwa ni mchanga, na silti pamoja na mfinyanzi ni kati ya robo na theluthi hivi. Udongo mwekundu wa changarawe, ambao sehemu nyingi za Tabora unapatikana, mara nyingi unafaa. Udongo mweusi wa mbuga haufai, usijidanganye kuongeza saruji. Kisha jaza udongo mbichi kwenye kisanduku kirefu chembamba, uuache kivulini ukauke. Ukinywea sana, ongeza mchanga au punguza idadi ya matofali kwa mfuko.

Nimeona miradi ya aina hii ikiharibika, na karibu mara zote sababu ilikuwa maji. Watu hufyatua Agosti, jua linawaka, maji ni ya kununua, wanamwagilia siku mbili na kuacha. Tofali hilo linahitaji kivuli na unyevu kwa siku 7 angalau, likifunikwa kwa nyasi au plastiki, na ni vema lisijengewe kabla ya wiki nne. Kama huna maji hayo, usilichague. Na lisiwekwe ardhini: msingi uwe wa mawe au zege, ukuta uanze juu ya mahali mvua inaporusha matope, na paa litokeze vya kutosha.

Shimo linalobaki

Matofali yote matatu yanatoka kwenye shimo. Udongo, mchanga, mfinyanzi, vyote. Mvua ikija shimo linajaa, mbu wanazaana, na kila msimu watoto huogelea humo. Mimi siku hizi siandiki makadirio bila kuandika nani atalifukia, au litageuzwaje kuwa bwawa la kunyweshea lenye ukingo mlalo na uzio. Fundi akikuambia hilo halipo kwenye kazi yake, liweke kwenye mkataba ili liwepo.

Na mhandisi wako mwenyewe umuulize maswali mawili. Je, ana mashine ya kufyatulia, tanuru au duka la saruji, lake au la ndugu yake? Kama anayo si dhambi, lakini alipaswa kukuambia kabla hujauliza. La pili: ni mara ngapi amemwambia mteja asitumie kitu ambacho mteja alikitaka?

Nilichowajibu wale watatu

Mwalimu wa Ipuli nimemshauri la kufungamana, kwa sababu udongo wa kiwanja chake tuliupima na unafaa, na maji ya bomba anayo. Msingi na choo ajenge kwa bloku. Nje asipige plasta. Ndani apige vyumba vyenye maji tu. Alisita kuhusu nje. Nilimwonyesha hesabu, na uamuzi ni wake.

Kijana wa Igunga nimemwambia kinyume. Kwao ni mbuga, udongo mweusi unaovimba na kunywea, na tofali la kufungamana lingemlazimu asombe udongo kutoka mbali kwa lori. Pumba ziko karibu na mafundi wanaozitumia wapo. Achome, lakini kwa pumba, na akishindwa kuzipata za kutosha aahirishe tanuru, asijazie kuni. Fedha anayoiokoa aizike kwenye msingi: uende kina, uwe na mkanda wa zege wenye nondo, maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Kwenye udongo ule nyumba haipasuliwi na aina ya tofali, inapasuliwa na msingi wa juujuu.

Mkulima wa Sikonge ndiye mgumu. Amekwisha kufyatua matofali 4,000, yamekauka, yamepangwa chini ya nyasi, na mtu wa kuni amekwisha kupewa malipo ya awali. Kuni zenyewe zinatoka upande uleule anaopata za bani lake. Nilimwambia: baba, usiyachome. Matofali mabichi yaliyokauka vizuri yanaweza kujenga nyumba nzuri kama miguu yake ni mikavu na kofia yake ni pana. Mistari ya chini iwe ya mawe au bloku, hadi kimo cha goti. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi. Ukuta ukandikwe udongo wenye mchanga, na urudiwe baada ya misimu michache. Babu zetu walikaa kwenye tembe, ambazo kuta zake hazikuona moto.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama malipo ya kuni yatarudi. Nikamwambia sijui, lakini kuni zilizokwisha kukatwa zinaweza kwenda kwenye bani, miti iliyosimama iachwe ilivyo. Amenitaka niende nikayaone matofali kwanza kabla hajaamua. Nitakwenda Jumamosi, na chupa yangu ya udongo, na nimemwomba atafute mtu wa kutuonyesha mahali ambapo kuni zilikuwa zikatwe.